Jinsi ya kutumia neno "close" bila kuharibu barua yako

Neno la Kiingereza "close" ni fupi, kila mtu amelijua tangu shule ya msingi, na bado linaharibu barua nyingi zinazopita mezani kwangu. Nina saiba hapa Nakuru, upande wa Soko la Wakulima. Wengine huja kutafuta matokeo ya mtihani au kuchapisha risiti, lakini kazi ninayoipenda ni kuwaandikia watu: barua za kuomba kazi, taarifa za walinzi, fomu za hospitali, maombi ya basari. Mtu akifika kwangu huwa ameshayapanga maneno yake yote kwa Kiswahili, kisha anataka yatoke kwa Kiingereza kwa sababu ofisi anayoiandikia inataka Kiingereza. Kwa "close" ndipo anapokwama, maana neno hili moja limebeba kazi za maneno yetu mawili yasiyo na undugu wowote: "karibu", na "funga".

Nimeandika haya kwa ajili ya mtu anayeandika mwenyewe, pengine kwa simu, usiku, na tarehe ya mwisho ni kesho.

Kwanza, ujue kwa nini neno moja linabeba yote mawili. Kiingereza kililipata kupitia Kifaransa cha kale, "clos", na Kifaransa kililitoa kwenye kitenzi cha Kilatini "claudere", yaani kufunga. Kitu kilichofungwa sawasawa hakina mwanya. Vitu viwili visivyo na mwanya kati yao viko karibu. Maana ya ukaribu ilizaliwa hapo, ndani ya maana ya kufunga. Kwa hiyo ukikutana na "close" mahali popote, jiulize: mwanya gani unaozungumziwa hapa? Unaweza kuwa wa mahali, kama kati ya nyumba yako na steji. Unaweza kuwa wa hesabu: "close to 200 people" ni karibu watu 200, mwanya uliobaki kufika 200 ni mdogo. Unaweza kuwa wa damu, "a close relative". Unaweza hata kuwa wa macho, "a close look", kutazama bila kuacha kitu kipite.

Kwenye mashindano ni mwanya wa muda, na hapo sina haja ya kwenda mbali. Septemba 2003 kule Berlin, Paul Tergat, mtu wa Baringo hapa jirani, alivunja rekodi ya dunia ya marathoni kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 55. Sammy Korir, Mkenya mwenzake, alimaliza kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 56. Kilomita 42 na ushee, na kilichowatenga ni sekunde moja. Hiyo ndiyo Kiingereza huita "a close race", na Korir alikuwa "a close second". Ukiandika tu kwamba alikuwa "second", msomaji hajui kama aliachwa hatua moja au dakika tano. Neno dogo lile ndilo linalompa Korir haki yake.

Sauti mbili

Wengi hawajawahi kuambiwa kwamba "close" ina matamshi mawili. Ikiwa na maana ya karibu, mwisho wake ni s: klous. Ikiwa na maana ya kufunga, mwisho ni z: klouz. Chukua sentensi hii uisome kwa sauti: "The kiosk close to the stage will close at six." Ya kwanza s, ya pili z. Isome tena na tena mpaka ulimi uzoee kubadilisha.

Huku kwetu jambo hili lina ugumu wake. Mimi nimelelewa Kisumu, na Kijaluo hakina z. Kikalenjin nacho hakina. Mtu aliyekulia kwenye lugha hizo huzitamka zote mbili kwa s bila kujua, na kwa mazungumzo ya kawaida ataeleweka, kwa hiyo asikose usingizi. Lakini kwenye mahojiano ya kazi ya mapokezi au ya kupokea simu, ambapo sauti yako ndiyo kazi yenyewe, tofauti hiyo inasikika.

Ukishika kanuni utaweza kubahatisha hata maneno usiyoyajua. Kitenzi huchukua z pamoja na watoto wake wote: "closed", "closing", "closes". Kivumishi huchukua s pamoja na watoto wake: "closely", "closeness", "closest". "Closer" inategemea: ikiwa ni karibu zaidi ni s, na ikiwa ni yule mtu wa mauzo anayemalizia biashara ni z. Nomino ndiyo yenye vituko. "Close" yenye maana ya mwisho wa jambo hutamkwa kwa z, kama katika "the close of the meeting". Lakini ile unayoiona kwenye vibao vya mitaa ya wenye nacho, barabara fupi isiyotokea upande wa pili, ni s. Usimwambie dereva wa teksi "klouz" ukitaka akufikishe huko.

Ukizoea hili, utaligundua pia kwenye "use" na "house": nomino s, kitenzi z. Ni utaratibu uleule.

Usiisahau "to"

Sisi tunasema karibu na soko. "Na" hiyo haimo katika Kiingereza. Ukiibeba utaandika "close with the market", na ukiiacha bila kuweka kitu mahali pake utaandika "close the market", ambayo ni amri ya kufunga soko. Kinachotakiwa ni "close to the market". "Near", kwa upande wake, haihitaji kitu: "near the market" inatosha.

Baada ya "to" hiyo watu huanguka mara ya pili. Tunasema niko karibu kumaliza, kwa hiyo mkono unaandika "I am close to finish". Hapana: "I am close to finishing." Baada ya "close to" weka jina la kitu au kitenzi chenye "-ing". "She was close to tears" ni sahihi kwa sababu machozi ni kitu. "She was close to cry" si sahihi. Andika "close to crying".

Na ukitaka kusema nusura nianguke, usiandike "I closely fell". "Closely" ni kwa makini, au kwa ukaribu. Neno unalolitafuta ni "nearly": "I nearly fell."

Funga ina maneno mengi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo barua inaweza kumgharimu mtu mshahara.

Mzee mmoja, mlinzi wa usiku, alikuja kwangu na taarifa aliyoiandika kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Watu walikuwa wameingia katika yadi anayolinda wakang'oa betri za malori, na mwajiri wake alimtaka aeleze kwa maandishi. Alitaka niipige chapa tu, kama ilivyo. Mstari wa tatu ulisema: "I closed the gate at 9 p.m. and I was close the office."

Nikamuuliza, "Mzee, geti ulilifunga vipi? Ulilirudisha tu ama ulitia kufuli?"

"Nilitia kufuli, mama. Na mnyororo nikazungusha mara mbili. Ufunguo ulikuwa mfukoni hapa mpaka asubuhi."

"Kwenye karatasi umesema ulilirudisha tu."

Akaichukua, akaisogeza mbali na macho, akaisoma polepole. "Lakini 'close' si ni kufunga?"

"Ni kufunga, mzee. Lakini kufuli ina neno lake."

Tukaandika hivi: "At 9 p.m. I locked the gate with a chain and a padlock. I was standing close to the office." Mtu wa ofisini atakayeisoma taarifa ile hajawahi kuliona geti lile usiku. Anachokijua ni kile kilichoandikwa. "Closed" inamwambia mlango ulikuwa umerudishwa, na mtu yeyote angeweza kuusukuma. "Locked" inamwambia mlinzi alifanya kazi yake na wezi walivunja. Kati ya maneno hayo mawili kuna swali la nani atalipa betri.

Kiswahili chetu kina funga moja yenye kazi nyingi, na Kiingereza kimezigawa. Kufunga mlango ni "close" au "shut". Kwa kufuli ni "lock". Kufunga mfereji ni "turn off the tap"; "close the tap" tunaisema sana Kenya na tunaelewana, lakini kwenye mwongozo wa kazi au ripoti ya fundi andika "turn off". Kufunga kamba ni "tie", kufunga mkanda wa gari ni "fasten", kufunga mzigo ni "pack" au "wrap" kutegemea mzigo wenyewe, na kufunga mwezi wa Ramadhani ni "fast". Kufunga bao ni "score". Kumfunga mtu gerezani ni "jail". Ukiacha mlango, na mfereji kwa mazungumzo, hata moja kati ya hizo haikubali "close".

Wafanyabiashara, angalieni hii. "My shop is closed" ni duka limefungwa kwa sasa: ni usiku, ni Jumapili, au mwenyewe ameenda mazishini. "My shop has closed down" ni duka limekufa. Niliwahi kumwona mama wa mitumba akiandika barua ya kuomba mkopo, akieleza kwamba duka lake lilikuwa "closed down" wakati mwanawe akilazwa hospitalini. Duka lilikuwa wazi tangu mwezi uliotangulia, na wateja wanamjua. Anayetoa mkopo angesoma kwamba biashara haipo tena. Tukabadilisha: "I closed the shop for three weeks." Neno "down" likatoka, biashara ikabaki hai.

Matangazo ya kazi nayo yana "closing date". Hiyo ni tarehe ya mwisho ya kupokea maombi, wala haihusu kufungwa kwa ofisi. Ukiambiwa maombi yafike "by close of business on Friday", maana yake kabla ya kazi kuisha siku ya Ijumaa, na kwa ofisi zetu nyingi hiyo ni saa kumi na moja jioni. Usitume saa nne usiku ukadhani bado ni Ijumaa.

Watu wa karibu

Rafiki wa chanda na pete ni "a close friend". Usiandike "a near friend", haipo. Lakini jamaa wanaweza kuwa "close relatives" au "near relatives", na ile ya pili utaikuta zaidi kwenye karatasi za kisheria. Siku za usoni ni "the near future", haziwi "close future". Ajali iliyokosekana kidogo ni "a near miss", ila pia ni "a close call". Sina kanuni ya kukupa hapa. Ni mazoea ya wenye lugha, na njia ya kuyashika ni kujifunza maneno mawilimawili, kivumishi pamoja na nomino yake.

Swali la fomu linalowasumbua watu kuliko yote ni "next of kin". Kijana mmoja alikuwa amemwandika jirani yake wa mlango wa pili, kwa sababu "next" alijua ni -a kufuata, kama "next door". Alifikiri vizuri, lakini neno lina historia yake. Katika Kiingereza cha kale, karibu ilikuwa "neah". Karibu zaidi ikawa ndiyo mzizi wa "near" ya leo, na karibu kabisa ikawa "next". Kwa hiyo "next of kin" ni mtu wa ukoo aliye karibu nawe kuliko wote: mke au mume, mzazi, mtoto, ndugu. Jirani hana nafasi hapo hata kama ndiye anayekupikia uji ukiugua. Fomu nyingi huwa na mstari mwingine wa "emergency contact", mtu wa kupigiwa simu haraka, na jirani huyo mwema ndiko anakofaa kuandikwa. Kitu kizuri ni kwamba "neighbour" nayo inatokana na "neah" hiyohiyo: mkaaji wa karibu.

Chache za kupita nazo

"A close shave" ni kuponea chupuchupu. Kinyozi akipitisha wembe karibu sana na ngozi bila kukukata, hiyo ndiyo picha yake. Itumie kwa mdomo na kwa rafiki. Kwenye taarifa ya polisi au ya bima eleza kilichotokea.

"To keep a close eye on" ni kuangalia kwa makini. "To work closely with" ni kufanya kazi bega kwa bega.

Mwingereza akikwambia "it's very close today" akiwa Kisumu saa nane mchana, hasemi kuna kitu kiko karibu. Anazungumzia hewa: joto zito lisilo na upepo, lile linalotangulia mvua ya radi. Hewa imefungwa, haina pa kutokea. Hutaihitaji kuiandika, lakini ni vizuri usishangae ukiisikia.

Na wavuvi wa Dunga, ufuo ulioko Kisumu, wanaijua ya kwao. Kipindi cha kupumzisha omena kinachoanza Aprili kwenye Ziwa Victoria huandikwa "closed season", na vitabu vya Uingereza huandika pia "close season". Zote mbili ni sahihi, na hiyo ya pili hutamkwa kwa s ingawa maana yake ni kufungwa. Ni mojawapo ya zile zinazovunja kanuni niliyokupa juu.

Ukaribu usiotaka kuudokeza

Nimalizie na jambo ninalolichukulia kwa uzito, kwa sababu linagusa heshima ya watu, hasa wasichana wanaoomba kazi ya kwanza.

Meneja anataka kumwandikia msichana aliyekuwa akijifunza kazi chini yake barua ya kumpendekeza. Anataka kusema anamfahamu vizuri. Anaandika, "I have had a close relationship with her." Nia yake ni njema kabisa. Lakini barua hiyo itafunguliwa na mtu asiyemjua yeyote kati yao, na "relationship" ikishaambatana na "close", kati ya mwanamume mkubwa na msichana mdogo, msomaji anaweza kuelewa mapenzi. Mbaya zaidi ni "I know her intimately." "Intimate" imetoka Kilatini "intimus", cha ndani kabisa, na kwa Kiingereza cha sasa, ikizungumzia watu wawili, mara nyingi inaeleweka kuwa ni mambo ya chumbani. Barua iliyokusudiwa kumfungulia binti mlango inamtia doa kabla hajaitwa kwenye mahojiano.

Andika badala yake: "I supervised her for six months and worked closely with her." Hapo ukaribu umewekwa kwenye kazi. Kitenzi "worked" kinaishika "closely" mahali pake, na hakuna anayebaki akijiuliza. Kama unataka kuonyesha unamjua kwa undani, sema "I know her work well." Msichana ukiletewa barua ya namna ile ya kwanza, usiogope kumrudia aliyeiandika ukamwomba abadilishe sentensi moja. Mwambie kwa heshima, "Mzee, asante sana kwa barua, naomba tu mstari huu tuuseme hivi." Sijaona aliyekataa.

"Intimate" ina sura nyingine isiyo na hatari yoyote. Kama kitenzi ni kudokeza, na mwisho wake hutamkwa "meit", wakati kivumishi humalizikia "mit". Mawakili wanaipenda sana. "He intimated that he would pay by March" ni alidokeza kwamba angelipa kufikia Machi. Kwa hiyo ukipokea barua ya wakili yenye maneno "as earlier intimated", usiipeleke kwa mkeo au mumeo kwa hofu. Inasema tu: kama tulivyokudokezea awali.